Mapigo yalisikika, mtoto akafa: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyefia tumboni wiki ya 37

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilijadiliwa katika kikao cha mapitio ya vifo vya watoto cha hospitali moja yenye wodi kubwa ya uzazi. Wazazi waliridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Majina, mahali, tarehe na baadhi ya mambo ya kifamilia yameondolewa. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Nimekichagua kwa sababu hakina jambo la ajabu ndani yake. Mama hakutoka damu, presha yake haikupanda, wala hakuchelewa kuja. Alikuja, akasema kinachomsumbua, akapimwa mapigo ya moyo wa mtoto, akaambiwa kila kitu kiko salama, akarudi nyumbani. Visa vya namna hii ndivyo vinavyopita bila kujadiliwa, kwa kuwa mwishoni mwa faili huandikwa tu kwamba chanzo hakikujulikana.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wafu wakiwa wametimiza wiki 28 au zaidi tumboni, yaani karibu watoto 14 katika kila vizazi 1,000. Zaidi ya asilimia 40 ya watoto hao hufa uchungu ukiwa umeshaanza, na hapo kinachohitajika kinajulikana: kumfuatilia mama kwa karibu na kuweza kumfanyia upasuaji haraka. Mtoto wa kisa hiki ni wa kundi la pili, la wanaokufa kabla ya uchungu. Kwao hatari huingia polepole, na dalili zake huwa ndogo, zimetawanyika, kila moja ikiwa mikononi mwa mtu tofauti.

Historia ya ujauzito

Mama alikuwa na umri wa miaka 31 na hii ilikuwa mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza, mwenye miaka mitano, alizaliwa kwa njia ya kawaida akiwa na afya njema na uzito wa kilo 3.2. Umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo hakukuwa na shaka juu ya wiki. Havuti sigara. Kipimo cha kaswende, sukari na damu vyote vilikuwa vizuri. Hakuwahi kukosa kliniki.

Kimo cha mimba, yaani urefu wa tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi, kilipimwa kwa utepe kila alipohudhuria na kuandikwa kwenye kadi. Wiki ya 28 kilikuwa sentimita 28, wiki ya 31 sentimita 30, wiki ya 34 sentimita 31, na wiki ya 36 sentimita 32. Vipimo hivyo vinne vilichukuliwa na watu wanne tofauti. Kadi ilikuwa na ukurasa wa mchoro wa ukuaji, na ukurasa huo ulikuwa mtupu.

Siku tatu za mwisho

Katika wiki ya 36 na siku 4, mama alifika kliniki bila miadi. Kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa baadaye, alimwambia mkunga: "Nesi, mtoto hachezi kama alivyokuwa akicheza. Tangu jana anajigeuza kidogo tu, halafu kimya." Mkunga alimlaza, akaweka kipima mapigo cha Dopla, na mapigo yakasikika vizuri, 140 kwa dakika. Akamwambia kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hupungukiwa na nafasi, ndiyo maana hupunguza kucheza. Akamshauri anywe kitu chenye sukari, alale ubavu, na arudi siku ya miadi yake. Kliniki ilikuwa na foleni ndefu siku hiyo, na mkunga alikuwa peke yake chumbani.

Kwenye kadi aliandika: "Mapigo 140. Hali nzuri." Sababu iliyomleta mama haikuandikwa.

Mama alikwenda nyumbani akiwa ametulia. Kesho yake alihisi miguso miwili au mitatu. Siku iliyofuata hakuwa na hakika kama anachokisikia ni mtoto au ni tumbo lake mwenyewe. Hakurudi, na alipoulizwa baadaye kwa nini, jibu lake liliwanyamazisha watu wote kikaoni: alikuwa ameshaambiwa kwamba ni kawaida, hakutaka kuonekana msumbufu.

Usiku wa jibu

Jioni ya wiki ya 37 kamili alifika hospitali pamoja na mumewe. Aliyempokea alikuwa mwanafunzi wa ukunga. Kwenye Dopla alisikia mapigo kama 112 kwa dakika, akawaambia kwa furaha kwamba mtoto yupo. Mkunga mzoefu wa zamu aliyekuwa karibu aliona namba hiyo iko chini kidogo ya alivyotarajia. Alishika mkono wa mama, akahesabu mshipa wake huku Dopla ikiendelea kusikika. Vilikwenda pamoja, pigo kwa pigo. Waliyokuwa wakisikia yalikuwa mapigo ya mama, ambaye moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa hofu.

Mtaalamu wa ultrasaundi hakuwepo usiku. Daktari wa zamu aliitwa kutoka chumba cha upasuaji, na hadi alipofika ilikuwa imepita takriban saa nzima. Muda wote huo wazazi walikaa na matumaini ambayo dakika chache kabla walikuwa wamepewa, kisha yakachukuliwa nusunusu na nyuso za wahudumu. Mkunga mzoefu alifanya jambo moja jema katika saa ile: hakuwakimbia. Aliwaambia, "Sijayapata mapigo ya mtoto. Namwita daktari aangalie kwa picha. Nitabaki hapa."

Daktari aliangalia moyo kwa muda wa kutosha, akamwita daktari wa pili athibitishe, akageuza kiti, akakaa. Maneno yake yalikuwa haya: "Mama, baba, moyo wa mtoto wenu umesimama. Mtoto amefariki. Poleni sana." Kisha akanyamaza. Baba aliuliza kama mashine inaweza kuwa imekosea. Daktari akamwonyesha kwenye skrini mahali moyo ulipo, akamwacha aangalie.

Maamuzi ya usiku ule na sababu zake

Ombi la kwanza la baba lilikuwa upasuaji. "Mtoeni sasa hivi, asikae na maiti tumboni." Hakuna anayeweza kumlaumu, kwake yeye, kila dakika ilikuwa ni ukatili kwa mkewe. Daktari alieleza kwamba upasuaji usingemsaidia mtoto, ila ungemwachia mama kidonda, hatari ya kuvuja damu na maambukizi, na kovu la mfuko wa uzazi ambalo lingeongeza hatari katika mimba za mbele. Kujifungua kwa njia ya kawaida kulikuwa salama zaidi. Presha ilikuwa nzuri, chupa haijapasuka, hakuna homa, na vipimo vya kuganda kwa damu vilikuwa sawa, kwa hiyo hapakuwa na dharura. Wanawake wengi katika hali hii huanza uchungu wenyewe ndani ya wiki tatu, lakini kadiri siku zinavyopita hatari ya damu kushindwa kuganda huongezeka, na mwili wa mtoto hubadilika.

Walipewa nafasi ya kuchagua. Mama alichagua kumeza mifepristoni, dawa ya kuuandaa mfuko wa uzazi, usiku ule, kwenda nyumbani kumwambia mtoto wao mkubwa, na kurudi baada ya siku mbili kuanzishiwa uchungu kwa misoprostoli. Wahudumu wawili walikuwa na wasiwasi na uamuzi huo wa kumwacha aondoke. Mimi naona ulikuwa sahihi, kwa sharti kwamba mama aelezwe dalili za kumrudisha mbio na apewe namba ya simu itakayopokelewa, na vyote viwili vilifanyika. Siku zile mbili ziliwapa wazazi muda wa kuelewa kilichowapata kabla ya kukutana na mtoto wao.

Kabla hajaondoka alitolewa damu ya vipimo, pamoja na kipimo cha kutazama kama damu ya mtoto imevuja na kuingia kwenye damu ya mama. Kipimo hicho hakingoji: kikicheleweshwa, jibu hupotea. Kundi lake la damu lilikuwa chanya, hivyo hakuhitaji sindano ya anti-D, ambayo hupewa mama mwenye kundi hasi.

Kujifungua na saa zilizofuata

Dozi ya misoprostoli ilikuwa ndogo, kama inavyotakiwa mimba inapokuwa kubwa. Maumivu yalitulizwa kwa mofini bila kubana. Hili nalitaja kwa makusudi, maana katika wodi nyingi mama anayezaa mtoto aliyekufa hupewa dawa kidogo kuliko wengine, wakati hapo hakuna tena sababu ya kuogopa dawa itamfikia mtoto.

Chumba alichopewa kilikuwa mwisho wa wodi, mlango ukiwa umewekewa alama ambayo wahudumu wote waliijua. Kilio cha watoto wengine kilisikika hata hivyo.

Mtoto alizaliwa mchana, msichana, gramu 1,870. Kwa wiki 37 alikuwa mdogo mno. Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka mabegani na tumboni. Kondo la nyuma lilikuwa dogo, lenye sehemu ngumu zilizopauka. Mkunga mzoefu, aliyekuwa ameomba kubadilishiwa zamu ili awepo, alilipima, likawa na gramu 290, akaliweka kwenye chombo na kuandika fomu ya maabara kabla hajafanya jambo lingine.

Mama alikuwa amesema hataki kumwona. Dada yake mkubwa alisisitiza kwamba akimwona hatasahau kamwe. Mkunga hakubishana nao. Alisema, "Sawa mama. Mimi niko naye, nimemfunika vizuri. Nitakuuliza tena baadaye, na ukisema hapana tena, itakuwa hapana." Baba ndiye aliyemshika kwanza. Kabla hajampokea, mkunga alimweleza atakachokiona: kwamba ana nywele nyingi, kwamba midomo yake imekuwa myeusi, kwamba ngozi imebanduka sehemu fulani na hiyo hutokea baada ya kifo, haina maana kwamba aliumia. Baba alikaa naye dirishani, akampa jina. Mama aliposikia jina likitamkwa, akaomba aletewe.

Walikaa naye jioni nzima na kesho yake asubuhi. Zilipigwa picha, zikachukuliwa alama za nyayo na viganja, na shungi dogo la nywele likakatwa kwa ruhusa yao. Mtoto wao mkubwa aliletwa. Mkunga aliwashauri wasimwambie kwamba mdogo wake amelala, maana mtoto wa miaka mitano akiambiwa hivyo anaweza kuanza kuogopa usingizi. Waliambiwa waseme amekufa, moyo wake umeacha kufanya kazi, na hakuna aliyefanya kosa lililosababisha.

Katikati ya hayo, mhudumu mmoja aliyeingia kubadilisha shuka alisema, "Usilie mama, wewe bado kijana, utapata mwingine." Alikusudia wema. Mama alilikumbuka neno hilo mwaka mzima.

Daktari aliomba ruhusa ya uchunguzi kamili wa mwili wa mtoto. Wazazi walikataa. Badala ya kufunga mjadala hapo, aliwaeleza kwamba kuna hatua ndogo zaidi: kuangalia mwili kwa nje, kupiga eksirei, kuchunguza kondo la nyuma, na kupima vinasaba kwa kipande kidogo cha kitovu. Haya waliyakubali yote.

Kurudi nyumbani

Hapa huduma ilianguka, na ilianguka baada ya kazi nzuri, ndiyo maana nataka tukae hapa kidogo.

Siku ya tatu baada ya kujifungua maziwa yalijaa. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba maziwa huja hata mtoto akifa. Alidhani ni ugonjwa, kisha alipoelewa ni nini, akalia kuliko siku ya mazishi. Kulikuwa na dawa ya kuzuia maziwa, kabegolini, ambayo angeweza kupewa kabla ya kutoka wodini kwa kuwa presha yake ilikuwa nzuri. Angeweza pia kuelezwa namna ya kuyapunguza polepole bila dawa. Hakuna kati ya hayo kilichotajwa.

Wiki mbili baadaye simu yake ilipokea ujumbe wa hospitali unaomkumbusha kumleta mtoto kliniki ya chanjo. Mfumo wa miadi ulijua tu kwamba amejifungua.

Miadi ya kurudi kupokea majibu iliwekwa katika kliniki ya akina mama waliojifungua. Alifika, akaona benchi limejaa wanawake wenye watoto mikononi, akageuka mlangoni. Mkunga mzoefu ndiye aliyempigia simu kesho yake na kupanga akutane na daktari katika jengo jingine, mchana, wakati hakuna foleni. Baba, kwa upande wake, hakuulizwa na yeyote hali yake. Watu walimwuliza, "Mama anaendeleaje?" na yeye alijibu kwa niaba ya mkewe kwa miezi kadhaa.

Matokeo ya vipimo

Kondo la nyuma lilikuwa na maeneo mengi yaliyokufa kwa kukosa damu, yakiwa ya umri tofauti: mengine ya siku chache, mengine ya wiki kadhaa. Mwili wa mtoto kwa nje, eksirei na vinasaba havikuonyesha kasoro. Hakuna maambukizi wala damu iliyovuja kutoka kwa mtoto. Kingamwili za antifosfolipidi, zinazoweza kuziba mishipa ya kondo, zilipimwa, zikarudiwa baada ya wiki 12, na mara zote hazikuwepo. Hitimisho: kondo la nyuma lilishindwa kazi taratibu, mtoto akadumaa, hatimaye akakosa oksijeni.

Kwa wazazi, jibu hilo lilibeba mambo mawili mazito kwa wakati mmoja. Lilimwondolea mama lawama alizokuwa akijitwisha kuhusu ndoo aliyoinua na safari aliyosafiri. Na lilimfahamisha kwamba hatari ilikuwepo kwa wiki kadhaa, ikiwa imeandikwa kwenye kadi yake.

Uchambuzi: swali ambalo Dopla haiwezi kulijibu

Kusikia mapigo kunajibu swali moja tu, kama mtoto yuko hai sasa hivi. Mama hakuuliza hivyo. Aliuliza kwa nini mtoto amebadilika. Mtoto anayepungukiwa na oksijeni hupunguza kucheza ili atumie nguvu kidogo, na moyo wake unaweza kuendelea kupiga 140 kwa dakika huku akiba yake ikiisha. Kwa hiyo kipimo kilikuwa cha kweli na faraja aliyopewa haikuwa na msingi.

Na ile kauli kwamba watoto hupunguza kucheza wanapokaribia kuzaliwa si sahihi. Namna ya kucheza hubadilika, mateke yakawa kujinyoosha na kujigeuza, lakini mtoto mwenye afya huendelea kucheza hadi uchungu unapoanza na hata wakati wa uchungu. Kauli hii imerithishwa kutoka mkunga mmoja hadi mwingine kwa miaka, na inaua.

Baada ya wiki ya 28, mama anayesema mtoto amepunguza kucheza anastahili kuulizwa historia kamili, kupimwa presha na kimo cha mimba, kuwekwa kwenye mashine ya CTG inayochora mapigo kwa muda, na kufanyiwa ultrasaundi ya ukuaji na maji kama kuna dalili yoyote ya hatari. Katika kisa hiki dalili ilikuwepo. Je, mtoto angeokoka? Katika wiki ya 36 na siku 4, akiwa amedumaa na amepunguza kucheza, kwa vyovyote lingetolewa pendekezo la kumzalisha mapema. Hakuna anayeweza kuwaahidi wazazi kwamba angepona, lakini nafasi ilikuwepo, na kikao kiliwaambia hivyo waziwazi.

Tahadhari moja hapa. Ni rahisi kumaliza kisa hiki kwa kusema akina mama wafundishwe kuhesabu mateke. Utafiti mkubwa wa AFFIRM uliofanyika Uingereza na Ireland, uliochapishwa mwaka 2018 na uliohusisha mimba zaidi ya 400,000, ulijaribu kuwaelimisha wanawake juu ya kucheza kwa mtoto pamoja na kuwapa wahudumu mwongozo wa kufuata. Vifo havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika kitakwimu, na wanawake walioanzishiwa uchungu au kupasuliwa waliongezeka. Elimu peke yake, bila uwezo wa kutofautisha mtoto aliye hatarini na aliye salama, haitoshi. Isitoshe mama wa kisa hiki hakuhitaji elimu zaidi. Alijua, na alikuja.

Kimo cha mimba ndicho kilichobeba ujumbe. Kwa utepe peke yake watoto wengi waliodumaa hawagunduliki, hilo ni kweli. Lakini ukiangalia 28, 30, 31, 32 kwa pamoja, unaona ukuaji unaofifia: katika wiki nane, sentimita nne. Aliyepima wiki ya 36 aliiona namba 32 peke yake, akaiandika chini ya nyingine, akageuza ukurasa. Nukta nne kwenye mchoro zingemwonyesha kwa jicho moja. Huko England, mpango wa mwaka 2016 uliounganisha kugundua watoto waliodumaa, kupunguza sigara, kushughulikia kupungua kwa kucheza na kufuatilia mapigo wakati wa uchungu ulitathminiwa katika mashirika 19 ya huduma, na vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 20 katika kipindi hicho. Hakuna kifaa kipya cha ajabu katika orodha hiyo.

Kosa la mwanafunzi na Dopla halina haja ya maneno mengi: mshipa wa mama ushikwe kila mara. Alichohitaji zaidi yeye ni mtu wa kukaa naye baada ya zamu. Hakumpata hadi kikao kilipofanyika, na kufikia hapo alikuwa ameomba kuhamishwa wodi.

Uchambuzi: kondo lililoandikiwa fomu mapema

Kondo la nyuma likishatupwa, limekwenda. Mtandao wa utafiti wa vifo vya watoto tumboni wa Marekani, SCRN, ulichunguza kwa kina watoto 512 waliozaliwa wafu kati ya mwaka 2006 na 2008, na chanzo kinachowezekana au kinachoelekea kuwa hasa kilipatikana kwa asilimia 76. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizohizo, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kuchunguza kondo kulisaidia katika karibu asilimia 65 ya visa, uchunguzi wa mwili asilimia 42, na vinasaba asilimia 12. Kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote ndicho ambacho wazazi mara chache hukikataa. Neno "chanzo hakijulikani" linapojaa kwenye madaftari yetu, sehemu yake kubwa ni vyanzo ambavyo hakuna aliyevitafuta.

Uchambuzi: faraja iliyofanya kazi na iliyokatika

Kilichofanikiwa wodini kina asili moja: mkunga aliuliza, akasubiri, akauliza tena. Hakumlazimisha mama kumwona mtoto, wala hakuchukua "hapana" ya saa ya kwanza kuwa ya milele. Wazazi wengi hubadili mawazo, na nafasi hiyo hairudi baada ya mazishi. Kumweleza baba atakachokiona kabla ya kukiona kulimwezesha kumtazama mwanawe bila kushtuka.

Kilichokatika kilitegemea karatasi na mifumo, si moyo wa mtu. Maziwa, ujumbe wa chanjo, benchi la kliniki: vyote vilitokea kwa sababu taarifa ya kifo haikuvuka mlango wa wodi. Mhudumu mmoja mwema hawezi kuziba mapengo hayo kila siku, na mkunga huyu alikuwa akiyaziba kwa muda wake wa mapumziko.

Kilichobadilishwa

Kikao kilifanyika bila kutajana majina kwa lawama, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 wa kupitia vifo vya aina hii. Kadi sasa ina mstari wa kwanza wa kuandika maneno ya mama mwenyewe kabla ya kipimo chochote, na anayepima kimo cha mimba hawezi kumruhusu mama kuondoka bila kuweka nukta kwenye mchoro. Faili la mama aliyefiwa huhamishwa siku hiyohiyo kutoka kwenye orodha ya chanjo. Maelezo ya maziwa hutolewa na kuandikwa kwamba yametolewa. Madaktari wa zamu wanafundishwa kutazama moyo wa mtoto kwa ultrasaundi, ili hofu ya usiku isingoje chumba cha upasuaji. Hili la mwisho bado halijakamilika.

Mimba iliyofuata

Mama alipata mimba tena baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mfu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupatwa tena: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta uwiano wa karibu mara tano. Kwa kuwa chanzo kilijulikana, mpango ulikuwa na pa kuanzia. Alipewa aspirini ya dozi ndogo tangu wiki ya 12, ultrasaundi za ukuaji za mara kwa mara, na alishauriwa kulala ubavu baada ya wiki ya 28. Mkunga yule mzoefu alikuwa akimwona kila mara, na mama alikuwa na ruhusa ya kuja siku yoyote bila sababu ya kitabibu. Alikuja mara nyingi. Kila alipokuja, kilichomleta kiliandikwa kwanza.

Alianzishiwa uchungu wiki ya 38 na kuzaa mvulana aliye hai, kilo 2.9. Wodini mhudumu mpya alimwuliza ana watoto wangapi. Alijibu watatu, na mhudumu, baada ya kuangalia faili, akaandika watatu.

Wazazi wameomba jambo moja ambalo kikao hakikuwa kimelifikiria: kuulizwa maswali yao kabla mapitio hayajaanza, badala ya kupewa majibu baada ya kumalizika. Baba alisema swali lake lingekuwa nani aliandika "Hali nzuri," na kama mtu huyo ana wa kumsaidia. Kuanzia mapitio yaliyofuata, barua ya kuwaomba wazazi maswali yao hutumwa kwanza, na maswali hayo husomwa kabla ya faili kufunguliwa.